Mbuzi wa Tatu wa Bi Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia sauti tatu tu, na ya nne ni ya mtu anayetafuna. Meza kwanza, ndugu yangu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Zamani za zama, babu wa babu zetu walipokuwa bado hawajaota meno, kulikuwa na kijiji. Jina lake sikuambiwa, nami sitalibuni. Kilikuwa ng'ambo ya mto. Mto ukijaa, hakuna aingiaye, hakuna atokaye. Huo mto uwekeni akilini, nitaurudia.

Katika kijiji hicho alikaa mwanamke mmoja, Bi Siwema. Bi Siwema alikuwa mkunga. Nani alizaliwa pale asipite mikononi mwake? Labda kuku. Watu wote, wakubwa kwa wadogo, mikono ya kwanza kuwagusa duniani ilikuwa mikono ya Bi Siwema. Mikono mifupi, minene, yenye joto. Akikutana na mtoto njiani hamuulizi hujambo. Anamtazama kitovu kwanza, aone kama alikifunga vizuri.

Siku moja binti wa Bi Somoe, jirani yake, akashikwa na uchungu. Mtoto akaja na kitovu kimemzonga shingoni. Bi Siwema akakitoa. Akampuliza mtoto, akamgeuza, akampigapiga mgongoni. Mtoto hakulia. Alikuja kimya, akaenda kimya.

"Ni kazi ya Mungu," walisema watu.

"Ni kazi ya Mungu," alisema Bi Somoe mwenyewe, macho yakiwa mekundu.

Hakuna aliyemnyooshea Bi Siwema kidole. Lakini vidole vyake mwenyewe vikaanza kutetemeka. Tete, tete, tete. Akimimina uji, tete, tete, tete, nusu bakulini, nusu mchangani. Akitunga uzi kwenye sindano, tete, tete, tete, uzi huku, sindano kule. Akapitia njia ya mzunguko kwenda kisimani, ili asikutane na Bi Somoe. Na Bi Somoe naye, kwa sababu zake, hakuwa akibisha hodi tena.

Hayo yangevumilika. Mtu anaweza kuishi na uji nusu. Ila Bi Siwema alikuwa na mtoto mmoja tu, Mashavu, na Mashavu alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza. Mkunga mwingine alikaa mwendo wa siku mbili, ng'ambo ya pili ya mto. Na masika yalikuwa yanakaribia. Mmeuona mto sasa? Mto ukijaa, atakayempokea mjukuu ni Bi Siwema na mikono yake hiyohiyo. Hakuna mwingine.

Alijitibu. Alichemsha mizizi, akanywa. Alijifukiza. Alifunga uzi mweusi kwenye viwiko. Tete, tete, tete. Mganga hajigangi, wenzangu.

Basi akaenda kwa Mzee Mfaume.

Huyu mzee ndiye niliyekuja kumtaja leo, maana mtu wa namna ile akisahauliwa ni hasara yetu, si yake. Mzee Mfaume alikuwa fundi wa vinu na miko. Uzee ulipomfika, mgongo ukagoma, akaacha vinu. Akaanza kuchonga vinyama. Vidogo, vya kuenea kiganjani. Kobe, kanga, punda, bata. Alikaa uani kwake juu ya kinu kilichopasuka, alichokifudikiza akakifanya kiti, na siku nzima ni chwaa, chwaa, chwaa.

Watu walimuuliza, "Mzee, unaviuza?"

"Siuzi."

"Unavitambikia?"

"Sitambiki."

"Sasa unavichongea nini?"

"Napumzika."

Watu wakatazamana. Mtu anapumzika kwa kufanya kazi? Wakasema, basi, akili ya mzee imeanza kuota kutu. Na Bi Siwema alikuwa mmoja wa waliosema. Alisema kisimani, tena kwa sauti. Lakini shida ikikubana, hata mlango uliousema utaubisha.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye gogo."

Akakaa. Mikono akaificha ndani ya kaniki. Kaniki nayo ikaanza kutetemeka.

"Nguo yako ina homa," alisema Mzee Mfaume.

Bi Siwema akaona hakuna cha kuficha, akasema yote. Mtoto wa binti wa Bi Somoe. Mimba ya Mashavu. Mto. Mzee alisikiliza, kisu chake kikienda, chwaa, chwaa. Hakusema pole. Hakusema jipe moyo. Alipomaliza kusikiliza alipuliza kijiti chake, akasema:

"Dawa ipo. Kesho niletee mbuzi."

Jamani, mbuzi gani? Mzee hakusema mbuzi wa, hakusema mbuzi ya. Alisema mbuzi, akafumba mdomo.

Bi Siwema akarudi nyumbani akinung'unika. "Kumbe naye ni walewale. Dawa za waganga hazikosi kwato." Alikuwa na mbuzi mmoja tu, jike, mweupe mwenye doa jeusi matakoni kama aliyekalia masizi. Maziwa ya mbuzi huyo ndiyo aliyokuwa akimpa Mashavu kila asubuhi. Lakini mtu anayezama haulizi bei ya kamba. Kulipokucha akamfunga kamba mbuzi wake, akamburura mpaka uani kwa Mzee Mfaume.

"Mee," alisema mbuzi, akaanza kula ncha ya shuka la mzee.

"Nani huyu?"

"Mbuzi, babu. Ulivyosema."

Mzee akavuta shuka lake. Mbuzi akavuta kwake. Wakavutana kidogo, mzee akashinda.

"Mrudishe," alisema. "Ana maziwa, na nyumbani kwako kuna mjamzito. Nilisema niletee mbuzi."

Bi Siwema akaduwaa. Akarudi na mbuzi wake, akiwa na furaha kidogo, maana mbuzi kapona, na wasiwasi mwingi, maana dawa haijapatikana. Akaketi jikoni. Akatazama huku, akatazama kule. Macho yakamwangukia kilichokuwa pembeni ya figa: kigoda chenye ulimi wa chuma, chenye meno. Mbuzi ya kukunia nazi.

Akajipiga kipajini. "Mjinga mimi. Mzee wa watu mjane, nani anamkunia nazi?"

Kulipokucha akajitwika mbuzi ya nazi kichwani, na nazi mbili mkononi. Mzee akaipokea. Akaikalia. Akavunja nazi moja, akakuna. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaonja.

"Nazi tamu. Hizi zitabaki," alisema. "Mbuzi irudishe. Ina meno mazuri, lakini ya kwangu ipo. Nilisema niletee mbuzi."

Siku ya tatu Bi Siwema alikuja mikono mitupu. Uso umevimba kwa hasira. Aliamkia kwa sababu alilelewa vizuri, si kwa sababu alitaka.

"Shikamoo, babu. Leo nimechoka. Mwenye kwato umemkataa. Yenye meno umeikataa. Kwangu hakuna mbuzi mwingine. Nimekuja na mikono tu, ndiyo hii, inatetemeka, itazame." Akaitoa ndani ya kaniki, akaiweka mbele ya mzee. Tete, tete, tete.

Mzee Mfaume akacheka, kicheko cha mtu aliyengoja.

"Sasa umeleta," alisema. "Juzi ulileta mali. Jana ulileta chombo. Mimi nilikuwa naingoja hii mikono."

"Kwa nini hukusema toka mwanzo?"

"Ningesema siku ya kwanza, 'njoo uchonge mbuzi wa mti,' ungesemaje?"

Bi Siwema alijua jibu lake. Angesema mzee karukwa na akili. Alishasema, tena kisimani.

Mbele ya mzee palikuwa na vipande viwili vya mti. Kimoja cha mpingo, cheusi, kinang'aa. Kimoja cha msufi, cheupe, chepesi, hakina uzuri wowote. Bi Siwema akanyoosha mkono kwenye mpingo.

"Acha huo," alisema mzee. "Mpingo utakula kisu, kisha utakula moyo wako. Anayeanza huanza na msufi. Mti laini unakusamehe."

Akampa kipande cha msufi, kirefu kama gunzi la hindi. Akampa kisu kifupi, kimenolewa. Halafu akakichukua tena kile kipande, akakiweka sikioni.

"Mbuzi, u wapi?" aliuliza mzee. Kisha akajijibu kwa sauti nyembamba ya kitoto, "Nimo ndani."

Nyie mnaonisikiliza, hapo pana kazi yenu. Nikisema "Mbuzi, u wapi?", mnajibu "Nimo ndani." Tujaribu. Mbuzi, u wapi?

Nimo ndani!

Vizuri. Aliyesema "mee" atoke nje.

"Umemsikia?" aliuliza mzee. "Yumo. Hutamtengeneza wewe. Wewe watoto uliowapokea uliwatengeneza?"

"Hapana, babu."

"Basi. Na leo humtoi. Leo unamenya tu."

Akamwonyesha. Mti katika mkono wa kushoto. Kisu katika mkono wa kulia. Dole gumba la kushoto nyuma ya kisu, ndilo linalosukuma. Kisu kinakwenda mbele, hakirudi kwa mwenyewe. Unatoa randa moja la mti, jembamba kama ganda la kitunguu, kisha lingine. Ukikata nene, umetaka makuu.

"Mchonga mwiko hukimbiza mkonowe," alisema mzee.

"Mimi sichongi mwiko."

"Kisu hakijui."

Bi Siwema akaanza. Tete, tete, tete, kisu kikaruka. Tete, tete, kikaruka tena. Mzee hakutazama. Alikuwa na bata wake. Bi Siwema akasukuma kwa dole gumba, kidogo tu. Chwaa. Randa la kwanza likajikunja, likaanguka gotini kwake. Jembamba, jeupe, linanukia.

Akalitazama. Sijui niwaambieje. Lilikuwa randa tu. Lakini kwa miezi kadhaa hakuna kitu alichokianza kikaisha vizuri, na hili lilianza likaisha.

Akasukuma tena. Chwaa. Mawazo yalikuja kama kawaida yao: yule mtoto, Mashavu, mto. Lakini kisu kilitaka kuangaliwa. Wazo likija, kisu kinamwita, anarudi. Likija, anarudi. Jua lilipofika utosini alikuwa amefunikwa na maranda mpaka miguuni, na kile kipande kimebaki chembamba kama kijiti cha meno.

"Mbuzi yuko wapi?" aliuliza mzee.

"Nimemmaliza, babu."

"Leo ilikuwa siku ya kumenya. Umemenya. Nenda nyumbani ukale."

Siku hiyo Bi Siwema alikula akashiba. Akalala mpaka jogoo akachoka kuwika.

Akawa anakwenda kila siku. Kabla ya kuketi, alimchotea mzee kata ya maji mtungini, kwa heshima, akamvukia nayo ua. Tete, tete, tete, maji yakamwagika njiani. Mzee akapokea kilichobaki, akanywa, akashukuru. Kisha wanakaa. Mbuzi, u wapi?

Nimo ndani!

Chwaa, chwaa, chwaa. Mzee alimwonyesha pa kuanzia: mgongo kwanza, halafu shingo, halafu tumbo. Miguu iache minene, utaipunguza kesho. Pembe mwisho kabisa. "Na usimtazame mbuzi mzima," alimwambia. "Mbuzi mzima atakutisha. Tazama randa lililo chini ya kisu chako."

Mbuzi wa kwanza alifika shingoni, mkono ukatetemeka, kichwa kikaruka mpaka kwenye majivu. Bi Siwema akataka kulia.

"Kisu kimerudi kwako?" aliuliza mzee.

"Hapana."

"Damu imetoka?"

"Haijatoka."

"Basi hakuna lililoharibika. Huyo sasa ni kobe. Kobe hana haja ya shingo, huificha hata akiwa nayo."

Bi Siwema akamviringisha kidogo mgongo. Kweli, kobe. Akampeleka nyumbani.

Mbuzi wa pili alikuwa mnene, kwa kuwa Bi Siwema aliogopa kumkata. Miguu haikuonekana. Mzee akamgeuza huku na huku, akasema, "Huyu ametoka majini." Bi Siwema akampeleka nyumbani naye.

Mashavu alikuwa amekaa mlangoni, tumbo limemtangulia. Akavipanga vinyama kwenye kizingiti.

"Mama, huyu nani?"

"Kobe."

"Na huyu?"

"Kiboko."

"Si ulisema unachonga mbuzi?"

"Yuko njiani," alisema Bi Siwema.

Mashavu akacheka mpaka akashika mbavu. Bi Siwema naye akacheka. Ilikuwa siku nyingi nyumba ile haijasikia vicheko viwili kwa pamoja.

Akaanza mbuzi wa tatu. Mgongo ukaja. Shingo ikaja, ikakaa. Masikio yakaja, moja refu kidogo kuliko jingine. Siku moja akachota maji kama kawaida, akavuka ua, akampa mzee. Mzee hakunywa. Akaitazama kata.

"Leo umeniletea maji kiasi gani?"

"Kata moja, babu. Kama siku zote."

"Siku zote hunifikishia nusu."

Bi Siwema akatazama ndani ya kata. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni. Akageuka akatazama nyuma, uani. Mchanga ulikuwa mkavu, kutoka mtungini mpaka miguuni pake, hakuna hata tone. Akanyoosha mikono yake mbele. Ilikuwa imetulia. Mifupi, minene, imetulia.

Akakaa chini palepale kwenye maranda, akalia. Alilia kwa raha, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Mzee Mfaume alikunywa maji yake yote, bila haraka, akamwachia nafasi ya kulia.

"Imepona, babu?"

"Sijui. Imepumzika," alisema mzee. "Kupona ni siku ya kazi."

Masika yakaja. Mto ukajaa, ukala kingo zake. Hakuna aingiaye, hakuna atokaye.

Ikawa siku moja, mchana kweupe, watu wote wako mashambani wanafukuza ndege kwenye mbegu za mpunga, mumewe Mashavu akiwa pamoja nao. Mashavu yuko nyumbani, mama yake yuko nyumbani, anamkwangua mbuzi tumbo. Bado pembe tu. Mashavu akasema, "Mama." Akasema mara moja, polepole. Mkunga hahitaji kuambiwa mara mbili.

Bi Siwema akaweka mbuzi chini. Akatandika mkeka. Akaweka maji motoni.

"Atanishika nani mgongo?" aliuliza Mashavu.

Mkunga hupokea, mwingine hushika mgongo. Na kijiji kizima hakikuwa na mwanamke siku hiyo ila mmoja, jirani, aliyebaki kwa ajili ya goti lake bovu. Mnamjua.

Bi Siwema akasimama kwenye wigo. Mdomo ukawa mzito. Miezi yote ile ya kuzunguka njia ya kisima, na sasa amwite yeye, kwa kazi hii. Akaita, "Bi Somoe, mwenzangu. Mashavu ameanza."

Bi Somoe hakujibu. Moyo wa Bi Siwema ukaporomoka. Kumbe hakujibu kwa kuwa alikuwa ananawa mikono. Akatokea mlangoni akichechemea, anajifuta kwenye kaniki. Akapita moja kwa moja mpaka kwenye mkeka, akakaa nyuma ya Mashavu, akamkumbatia.

"Haya, mwanangu. Niegemee," alisema.

Mashavu akatafuta cha kukamata. Mkono ukapapasa, ukamkuta mbuzi sakafuni. Akamfumbata.

Uchungu ukaja, ukaenda. Ukaja, ukaenda. Jua likapanda, jua likapinda. Mbuzi, u wapi?

Nimo ndani!

Uchungu ukaja, haukwenda. "Sukuma, mwanangu," alisema Bi Siwema, na kichwa kikatokea. Nywele nyeusi, zimelowa. Akapitisha kidole shingoni mwa mtoto, kama alivyofanya kwa watoto wote. Kidole kikagusa kitovu. Kimezonga. Kimezonga shingoni, kama kile cha siku ile.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tete. Mkono ukaruka. Tete, tete. Bi Siwema akainua macho, akakutana na macho ya Bi Somoe juu ya bega la Mashavu. Bi Somoe alijua. Alikuwa ameona kitu hichohicho, kwa binti yake mwenyewe.

Bi Siwema akateremsha macho. Usimtazame mbuzi mzima. Tazama randa lililo chini ya kisu.

Hakumtazama mtoto mzima. Hakuitazama siku ile. Alitazama kitovu, mahali padogo tu, upana wa kidole. Akaingiza ncha ya kidole chini yake. Polepole. Ukikata nene umetaka makuu. Akakilegeza. Dole gumba likasukuma, kidogo. Akakipitisha juu ya sikio, juu ya utosi, kikatoka. Mkono haukutetemeka. Hakuwa na nafasi ya kuuangalia kama unatetemeka.

"Sasa, Mashavu. Mara moja."

Mbuzi, u wapi?

Mtoto akateleza mikononi mwake. Mwekundu, amelowa, kimya. Bi Siwema akampangusa mdomo. Kimya. Akamgeuza, akamsugua mgongo. Kimya. Bi Somoe akafumba macho. Nyumba nzima ikazuia pumzi, hata mbuzi wa kweli aliyefungwa nje akaacha kutafuna.

Bi Siwema akasugua tena, palepale, hakuacha.

"Ngaa," alisema mtoto. Kisha akaliona vizuri swali la dunia, akalijibu kwa nguvu zake zote. "Ngaa, ngaa, ngaaa."

Nimetoka!

Wala sikuwafundisha jibu hilo, mmejijibia wenyewe. Basi mnaelewa.

Wale wanawake watatu walipumua kwa pamoja. Mashavu alicheka na kulia. Bi Siwema alifunga kitovu, fundo la kwanza, fundo la pili, akamweka mtoto kifuani kwa mama yake. Ni msichana. Halafu akaitazama mikono yake, imejaa damu ya uzazi, imetulia, akasema, "Alhamdulillahi," akaegemea ukuta, kwa sababu sasa miguu ndiyo iliyotaka kutetemeka.

Bi Somoe aliokota mbuzi pale alipoangukia. Msufi ni mti laini. Vidole vya Mashavu vilikuwa vimeacha alama tumboni mwa mbuzi. Akamgeuzageuza.

"Siwema," alisema, "nichongee na mimi mmoja."

"Wa nini, mwenzangu?"

"Wa binti yangu. Ana mimba tena, ya miezi minne. Kila siku anataka kuja kukuambia, anakuona unazunguka njia. Alidhani humtaki."

"Mimi nilidhani ninyi ndio hamnitaki."

"Wewe unazunguka huku, sisi tunazunguka kule," alisema Bi Somoe. "Ajabu hatukugongana kisimani."

Bi Siwema akamshika mkono. Yaliyobaki wakamwachia mtoto. Mtoto alikuwa akiyasema yote.

Siku ya saba Bi Siwema alikwenda kwa Mzee Mfaume, na mjukuu mgongoni, na mbuzi mkononi. Akamchotea mzee maji, kata imejaa. Mzee akamgeuza mbuzi. Akaona masikio, moja refu. Akaona alama za vidole. Akapapasa kichwani.

"Pembe?"

"Nisamehe, babu. Sikuwahi. Mtoto alinitangulia. Nikae leo nizitoe?"

Mzee Mfaume akafikiri.

"Wewe mkunga," alisema. "Umewahi kuona mbuzi akizaliwa na pembe?"

"Hapana, babu."

"Basi umemaliza."

Akamrudishia mbuzi wake, na juu yake akampa kisu kile kifupi, kiwe chake. Naye akaendelea na bata.

Mzee Mfaume alikufa zamani, kama watu wote wa hadithi. Hakuacha mali. Aliacha kikapu cha vinyama na kinu kilichofudikizwa, na kila aliyekuwa na moyo mzito alikwenda kukikalia kile kinu, akachonga chochote, akarudi kula. Hakuna tena aliyeuliza wanachongea nini. Na mpaka leo, mwanamke wa kijiji kile akiwa mjamzito, hupewa kibuzi cha msufi kisicho na pembe akifumbate siku yake. Mume hukaa nje ya wigo, maskini, hana la kufanya, anauliza tu, "Mbuzi, u wapi?" Hujibiwa "Nimo ndani," hujibiwa "Nimo ndani," mpaka mlango ufunguliwe.

Mafunzo yake ni haya, myabebe muende nayo: mkono wenye hofu usiugombeze, wala usiuhutubie. Upe kazi ndogo, ya mti laini, uuache upumzike. Siku ya kazi kubwa utakuja wenyewe.

Ngano yangu imeingia zizini, nami mlango naurudishia. Aliyekalia maranda, ajikung'ute.